Petrosian hakuwa mwoga

Kuna lawama ambayo Tigran Petrosian ameandamwa nayo tangu akiwa hai: kwamba alikuwa bingwa wa dunia wa sataranji anayelaza watu usingizi. Wakitajwa mabingwa wa Umoja wa Kisovieti, watu hukimbilia Tal kwa mashambulizi yake, au Kasparov kwa ukali wake. Petrosian hutajwa ili orodha ikamilike. Naona amedhulumiwa, na wengi wanaomdhulumu hawajawahi kuufuata mchezo wake hata mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mtu akiniambia hivyo, humwonyesha mchezo wa Zurich wa mwaka 1953. Petrosian alicheza na kete nyeusi dhidi ya Samuel Reshevsky wa Marekani, na hali yake ilikuwa mbaya. Askari wawili wa Reshevsky walikuwa wameikalia katikati ya ubao, wakingoja tu kusukumwa mbele. Kete za Petrosian zilibanana nyuma, hii ikiizibia ile njia. Ilipofika zamu ya 25 akaisogeza ngome yake mraba mmoja na kuiacha mahali ambapo askofu wa mpinzani angeila bila jasho. Hakuwa anamwinda mfalme wala hakuwa na mtego wowote. Ngome huhesabiwa pointi 5, askofu 3, kwa hiyo ukipiga hesabu za kawaida utasema kajimaliza mwenyewe.

Sasa tazama mraba ule ngome ilipotoka. Ulibaki wazi, farasi akaupitia, kisha akatua katikati ya ubao mbele ya askari wale wawili. Basi, wakakwama. Reshevsky alikuwa ameila ngome kweli, lakini ngome zake mwenyewe mbili hazikuwa na njia ya kupita, na ngome isiyo na njia ni pambo tu. Mchezo ukaisha sare. Petrosian alikuwa ameona kwamba pointi 5 zilizofungiwa hazifui dafu mbele ya farasi mmoja aliyeketi pazuri. Leo mabingwa hutoa ngome namna hiyo bila mtu kushangaa. Yeye ndiye aliyewazoesha.

Alizaliwa Tbilisi mwaka 1929, Mwarmenia katika mji mkuu wa Georgia. Vita vya Pili vya Dunia vilipoisha alikuwa yatima tayari, na katika miaka ile alifagia mitaa ili apate kula. Uziwi ulimwanza mapema, akaishi na kifaa cha kusikilizia. Husemwa kwamba alikizima akiwa mezani ili kelele zisimfikie. Katika maandishi ya Aron Nimzowitsch, mchezaji na mwandishi wa sataranji, alijifunza fundisho ambalo hakuliacha tena: kabla hujafanya lako, jiulize mwenzako anataka kufanya nini, kisha mzuie. Sioni ajabu kwamba kijana aliyepoteza wazazi na kushika ufagio alivutwa na fundisho la kuzuia balaa kabla halijafika, ingawa huo ni ubashiri wangu.

Mwaka 1963 alimvua taji Mikhail Botvinnik kwa 12.5 dhidi ya 9.5. Mwaka 1966 alimshinda Boris Spassky, akawa bingwa wa kwanza tangu Alekhine mwaka 1934 kutetea taji kwa kumshinda mpinzani badala ya kuponea kwenye sare. Mwaka 1969 Spassky akarudi na kulichukua. Lakini takwimu yake ninayoipenda zaidi ni ya Olimpiadi za sataranji, ambako timu za mataifa hushindana: michezo 129 kati ya mwaka 1958 na 1978, na alipoteza mmoja tu, dhidi ya Robert Hübner mwaka 1972. Hata huo aliupoteza kwa saa kumwishia.

Siwezi kumtetea kwa kila jambo. Huko Curaçao mwaka 1962, kwenye mashindano ya kumtafuta mpinzani wa Botvinnik, yeye na Wasovieti wenzake Keres na Geller walicheza michezo 12 baina yao na yote ikawa sare, mingi mifupi ya aibu. Bobby Fischer wa Marekani, aliyeshindana huko, alilalamika hadharani kwamba walikula njama, na baadaye mfumo wa mashindano hayo ukabadilishwa. Hapo Fischer alikuwa na hoja. Lawama ya Curaçao nitaikubali siku zote, lakini kuitumia kuhukumu miaka 30 ya kazi ya mtu ni uvivu.

Kwanza, huyo mwenye sifa ya kutokosea aliwahi kukosea kuliko wote. Amsterdam, 1956, alikuwa amembana David Bronstein mpaka hakuwa na la kufanya ila kumsogeza farasi huku na huko. Farasi huyo katika kuhangaika kwake akamtishia malkia wa Petrosian. Petrosian hakuona. Akacheza mahali pengine kabisa, malkia akaliwa, akasalimu amri. Nikikumbuka mchezo huo humpenda zaidi.

Na alijua kushambulia. Katika mchezo wa 10 dhidi ya Spassky mwaka 1966 alimtoa malkia wake mwenyewe, akamweka pembeni kabisa mwa ubao ili mfalme wa Spassky alazimike kumla, kisha farasi akaruka na kushika mfalme na malkia kwa pamoja.

Waarmenia wao hawakuhitaji kushawishiwa. Jina la Tigran walipewa watoto kwa heshima yake, sura yake imo kwenye noti ya dram 2000, na nchi hiyo ndogo ilitwaa dhahabu ya Olimpiadi mwaka 2006, 2008 na 2012.

Kisha kuna Buenos Aires, 1971, pambano la mwisho la kumtafuta mpinzani wa bingwa Spassky. Fischer alifika akiwa amewafagia wapinzani wawili wa awali, Taimanov na Larsen, 6 kwa 0 kila mmoja, akamshinda Petrosian mchezo wa kwanza, na mfululizo wake wa ushindi ukafika 20. Mwishowe alishinda pambano lote kwa 6.5 dhidi ya 2.5. Ila mfululizo ule ulivunjwa katika mchezo wa pili, na aliyeuvunja ni Petrosian, akimfukuza mfalme wa Fischer aliyebaki bila kinga.