Makocha wa Shule, Acheni Kuiga Teke la NFL

Ijumaa iliyopita nilisimama kwenye baridi ya hapa Ohio nikimtazama mpwa wangu, ambaye hucheza katikati ya mstari wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya shule yake, akiganda pale pale kama mlinzi wa geti huku mpira wa kuondosha, yaani teke la kuwaachia wapinzani mpira mbali na goli letu, ukiwa umekwisha kupaa. Mpokeaji wa wapinzani aliudaka bila bughudha, akawakwepa vijana wetu wawili tu waliokuwa wamemfikia, akakimbia hadi eneo letu la goli na kufunga tachidauni. Baada ya mechi nilimuuliza mpwa wangu kulikoni, naye akanijibu kwa upole, "Mjomba, tumeambiwa tusiondoke mpaka tusikie mlio wa teke." Hapo hasira zilinipanda, kwa sababu amri hiyo inatokana na sheria ya NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, si sheria ya mchezo anaoucheza yeye.

Kwenye NFL, kabla mpira haujapigwa, ni wale wawili wa pembeni kabisa tu wanaoruhusiwa kuuvuka mstari ambao mchezo unaanzia. Wanane wengine, ukimtoa mpigaji, hawana budi kubaki na kuzuia. Wakubwa hao wa NFL hubanana kwenye mstari kwa sababu wamekatazwa kuondoka. Vyuoni na shuleni katazo hilo halipo, na ndiyo maana timu nyingi za vyuo zilihamia mpangilio wa ngao: saba kwenye mstari wakiwa wameachiana nafasi, watatu wenye miili yao wakisimama bega kwa bega yapata yadi 7 nyuma, kisha mpigaji. Wale saba humpiga mpinzani kikumbo cha kumpunguzia kasi, halafu hao, wanakwenda. Saba dhidi ya wawili ni hesabu ya darasa la kwanza. Mpira ukikaa hewani sekunde nne, kijana aliyeondoka mapema huwa amefika, au walau amekaribia kiasi cha kumlazimisha mpokeaji apunge mkono kuomba asiguswe. Sisi tunao uhuru huo bure, tena umeandikwa kwenye sheria, nasi tunauweka kabatini ili tufanane na watu wa kwenye televisheni.

Nakiri, shingo upande, kwamba ngao nayo ina tundu lake. Wapinzani wakijazana upande mmoja, watatu hawatawazuia wanne, na ukibanwa karibu na goli lako, ambako mpigaji hana tena yadi 15 za kurudi nyuma, ukuta ule unaweza kusukumwa hadi mguuni pake. Lakini msiniambie kwamba balaa hilo ni la ngao peke yake. Tarehe 25 Septemba 2022, Thomas Morstead, mpigaji wa Miami Dolphins ya NFL, akipiga kutoka ndani ya eneo lake la goli kwa mpangilio huo huo wa wakubwa, aliupiga mpira ukagonga makalio ya mwenzake Trent Sherfield na kurudi nyuma hadi nje, wapinzani wao Buffalo Bills wakajipatia pointi mbili. Dolphins walishinda 21 kwa 19, kwa hiyo wao waliweza kucheka.

Wala sidai kwamba mpangilio wowote huponya mikono inayoteleza. Waulizeni mashabiki wa timu ya Chuo Kikuu cha Michigan, ambao mwaka 2015 waliongoza 23 kwa 21 zikiwa zimebaki sekunde 10, mpigaji wao akaudondosha mpira, na wapinzani wao Michigan State wakaondoka na ushindi wa 27 kwa 23.

Nilimfuata kocha kwa adabu zote. Akanieleza kwamba ndivyo wanavyofanya wakubwa. Nilipomuuliza kama ameisoma sheria ya mashindano yetu, alitazama saa yake. Jana mpwa wangu ameniuliza kama katika mechi ijayo anaweza kuondoka mapema kimya kimya, pengine kocha hataona. Nimemwambia amtii kocha wake, na tangu nilipomjibu hivyo sijapata raha.