Mgonjwa wa mono ahesabiwe seli zenye virusi, au ni kumpotezea hela?

Mono ni ule ugonjwa wa vijana: koo linavimba, tezi za shingo zinajaa, uchovu unakaa wiki na wiki. Mara nyingi unaletwa na virusi vya Epstein-Barr, na hivi vinaishi ndani ya limfosaiti B za damu, yaani seli B, zile chembe nyeupe zinazotengeneza kingamwili. Sasa kuna wanaosema tuzihesabu hizo seli zilizoambukizwa tujue mgonjwa kalemewa kiasi gani, na wengine wanaona ni hela ya bure. Kwa maoni yangu pande zote zina pointi, ila hawaongelei mgonjwa mmoja.

Kwanza tuelewane, zile chembe kubwa za ajabu ajabu ambazo mtu wa maabara anaziona kwenye slaidi ya mgonjwa wa mono, nyingi sio zenye virusi. Ni seli T, chembe nyeupe nyingine za kinga, zilizokuja kupambana. Yaani ukizihesabu unahesabu askari, sio wezi. Zenye virusi kwa darubini ya kawaida zinafanana tu na nyingine, kwa hiyo inabidi utenge seli B, uzigawe kwenye vishimo vidogo vidogo kwa idadi inayopungua, kila kishimo ukipime kwa PCR (kipimo kinachotafuta vinasaba vya virusi), halafu kutokana na vishimo vilivyotoka bila virusi ndo unapiga hesabu. Ni kazi ya kutoa jasho, na sio kitu cha kuagiza kliniki asubuhi ukachukua majibu mchana.

Lakini iliyofanywa imetufundisha mengi jamani. Mwaka 2004 timu ya mtafiti Thorley-Lawson, Chuo Kikuu cha Tufts kule Boston, ilionyesha kwamba mono ikiwa kali, kwa baadhi ya wagonjwa hadi nusu ya seli B za kumbukumbu (zile zinazokumbuka vijidudu vya zamani) zina virusi. Nusu! Mtu mzima mwenye afya ambaye amebeba virusi hivi ana seli kama 1 mpaka 50 tu katika kila seli B milioni. Na wanafunzi wa chuo waliofuatiliwa Minnesota, wenye virusi vingi kwenye damu ndo walioumwa zaidi. Wanaotafuta chanjo wanazihitaji namba kama hizi, hasa baada ya utafiti wa wanajeshi wa Marekani wa 2022 kuonyesha hatari ya multiple sclerosis (ugonjwa wa kinga kushambulia ubongo na uti wa mgongo) inapanda karibu mara 32 baada ya maambukizi haya.

Ila sasa rudi kwa kijana aliyelala na homa. Dalili zinaanza kama wiki 6 hivi baada ya kuambukizwa, virusi vimeshasambaa zamani. Dawa za kuzuia virusi kuzaliana hazina pa kushika kwenye seli ambayo virusi vimelala tu. Namba ikiwa juu ama chini ushauri ni uleule, apumzike, anywe maji, dawa ya maumivu, aache mpira wiki kadhaa bandama lisije likapasuka, na asipewe amoksisilini ovyo maana inaweza kumtoa vipele mwili mzima. Halafu kuna hili linaniuma kweli: plazima, yaani majimaji ya damu, inaweza ikawa safi wakati seli bado zina virusi kwa miezi, mtu anaambiwa "bado unavyo" anakosa usingizi, wakati zaidi ya 90% ya watu wazima wanavyo na watakufa navyo.

Kwa aliyepandikizwa figo hapo mi sibishani, apimwe tena na tena, maana kinga ikishushwa kwa dawa virusi vikipanda vinaweza kuleta limfoma, saratani ya limfosaiti. Hata wale ambao ugonjwa haukatiki, wanaoonekana zaidi Japani, kwao kujua ni seli gani zimeingiliwa, B, T au NK (seli nyingine za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa), ni muhimu kuliko idadi yenyewe.

Na huku kwetu mono ni nadra kwa sababu watoto wanaambukizwa wadogo mno. Watafiti walilinganisha Kisumu, penye malaria mwaka mzima, na Nandi, penye malaria kidogo, wakakuta watoto wa Kisumu wanaambukizwa mapema zaidi, na walioambukizwa kabla ya miezi 6 virusi vyao vilibaki juu muda mrefu. Virusi hivi vyenyewe viligunduliwa 1964 kwenye uvimbe wa Burkitt, aina ya limfoma ya watoto, uliotumwa London kutoka Uganda, na saratani hiyo bado inachukua watoto wa ukanda huu. Kama kuna hela ya mashine na wataalamu wa kuhesabu seli, mi ningeipeleka kwa watoto wa kando ya ziwa kabla ya kijana wa chuo mwenye koo.