Asilimia 99 za Boston: je, mbio za Septemba za besiboli zinatabirika?

Jioni ya tarehe 8 Julai 2025, Detroit Tigers walikuwa na ushindi 59 na vipigo 34. Cleveland Guardians, wapinzani wao katika kanda ya kati ya American League, moja ya ligi mbili za besiboli ya juu Marekani, walikuwa na ushindi 42 na vipigo 48, na siku chache kabla walikuwa wametoka kuchapwa mara 10 mfululizo. Pengo lilikuwa michezo 15.5. Msimu ulipofungwa mwishoni mwa Septemba, Guardians walikuwa na ushindi 88, Tigers 87. Hakuna timu katika historia ya Major League Baseball iliyowahi kufuta pengo kubwa kiasi hicho na kutwaa ubingwa wa kanda au wa ligi yake.

Likitokea jambo la namna hiyo, ugomvi wa zamani huamka. Upande mmoja wapo wanaoamini hesabu: kompyuta huuchezesha msimu uliobaki maelfu ya mara, kisha hutoa asilimia ya kila timu kufuzu hatua ya mtoano. Upande wa pili wapo wanaosema Septemba ina mambo yake, timu huingiwa na hofu au hupandwa na mori, na mwenye jicho la mchezo huona dalili ambazo jedwali halina. Kwa maoni yangu wa kwanza wana haki zaidi. Lakini wanapokosea, mara nyingi hukosea kwa sababu moja, na hiyo wenzao wanaihisi bila kuweza kuieleza.

Kwa aliyelelewa na mpira wa miguu, utaratibu ni huu. Timu ni 30, zimegawanywa katika ligi mbili, na kila ligi ina kanda tatu. Kila timu hucheza mechi 162. Tangu 2022, timu 6 za kila ligi huenda kwenye mtoano: mabingwa watatu wa kanda, na timu tatu bora kati ya zilizobaki. Pengo hupimwa kwa michezo: chukua tofauti ya ushindi, ongeza tofauti ya vipigo, gawa kwa mbili. Ndiyo maana nusu mchezo hutokea.

Jambo la kushika kuliko yote ni kwamba hapa hodari hufungwa mara nyingi mno. Timu inayomaliza na ushindi 100 huwa imefanya msimu wa kujivunia, na bado imepoteza mechi 62. Chicago White Sox wa 2024 walipoteza mechi 121, idadi ambayo hakuna timu ya zama hizi iliyowahi kuifikia, lakini hata wao walishinda 41, yaani mechi moja katika kila nne. Bingwa wa soka barani Ulaya anaweza kumaliza msimu mzima akiwa amefungwa mara tatu au nne. Bingwa wa besiboli hufungwa mara tatu au nne ndani ya wiki mbili na hakuna anayeshtuka. Ubora wa timu huonekana baada ya miezi. Katika wiki nne za mwisho bahati bado ina nafasi kubwa.

Kisa kinachotajwa zaidi ni cha Boston Red Sox mwaka 2011. Baada ya mechi za tarehe 3 Septemba walikuwa na ushindi 84 na vipigo 54. Tampa Bay Rays, waliokuwa wakiwafukuzia nafasi pekee ya mtoano iliyokuwapo enzi hizo kwa wasio mabingwa wa kanda, walikuwa na 75 na 63. Pengo michezo 9, mechi zilizobaki 24. Tovuti zinazokokotoa uwezekano ziliwapa Boston zaidi ya asilimia 99.

Je, walikokotoa vibaya? Tujaribu wenyewe. Tuseme timu hizo zina nguvu sawa na kila mechi ni kama kurusha sarafu. Katika mechi 24 timu hutarajiwa kushinda 12, na mara mbili katika kila tatu itaangukia kati ya 10 na 14. Ukizilinganisha timu mbili zinazocheza kila moja na wapinzani wake, uwezekano wa aliye nyuma kufuta michezo 9 ni takriban 1 katika 200. Kwa hiyo asilimia 99 na ushei haikuwa majigambo.

Ila ratiba ilikuwa na kitu ambacho hesabu hiyo nyepesi haikioni: mechi 7 kati ya hizo 24 zilikuwa baina ya Boston na Tampa Bay. Wapinzani wakikutana ana kwa ana, kila ushindi wa mmoja ni kipigo cha mwenzake, kwa hiyo pengo husogea mchezo mzima kwa siku moja. Ukiingiza mechi hizo 7 kwenye hesabu ileile ya sarafu, uwezekano unapanda hadi takriban 1 katika 90. Bado ni mdogo, lakini umeongezeka zaidi ya maradufu, na hatujagusa majeruhi wala uchovu. Rays walishinda 6 kati ya hizo 7. Zilizobaki walishinda 10 na kupoteza 7, kazi ya kawaida kabisa, huku Boston wakishinda 5 na kupoteza 12. Nusu ya muujiza ilikuwa imeandikwa kwenye ratiba tangu mwanzo.

Usiku wa mwisho, 28 Septemba 2011, Boston walikuwa mbele 3–2 dhidi ya Baltimore Orioles katika awamu ya tisa, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho, wapigaji wawili wa Baltimore wakiwa wameshatolewa; wa tatu akitolewa, mechi imekwisha. Orioles wakapata pointi mbili na kushinda. Dakika chache baadaye Evan Longoria wa Rays, timu iliyokuwa nyuma 7–0 dhidi ya New York Yankees hadi awamu ya nane, aliupiga mpira ukapita juu ya uzio katika awamu ya 12, pigo lililowapa ushindi. Boston wakabaki nje kwa tofauti ya mchezo mmoja. Usiku huohuo Atlanta Braves nao walimaliza kuporomoka kwao na kuipisha St. Louis Cardinals, ambao baadaye walitwaa World Series, fainali kuu baina ya mabingwa wa ligi hizo mbili.

Wapinzani wa hesabu huushika usiku ule kama ushahidi kwamba asilimia hazina maana. Hapo siwaungi mkono. Chukua timu 6 ambazo kila moja imepewa asilimia 95 mwanzoni mwa Septemba, na tuseme hatima zao hazitegemeani. Uwezekano wa zote sita kufika salama ni asilimia 73 au 74. Maana yake, karibu mwaka mmoja katika kila minne, angalau timu moja iliyohesabiwa imefika itaanguka, na modeli, yaani hesabu hiyo ya kompyuta, itakuwa haijakosea popote. Sisi tunaikumbuka ile moja iliyoanguka kwa sababu inauma, na tunazisahau nyingine nyingi zilizofika bila kelele.

Jambo hili linatuhusu hata huku Afrika Mashariki, kwa kuwa mechi za ligi hiyo zimo kwenye orodha za kubeti ambazo vijana wa Dar es Salaam na Nairobi hufungua usiku. Anayeweka kwenye mkeka mechi tano, kila moja ikiwa na uwezekano wa asilimia 90, huamini ana mkeka wa uhakika. Uwezekano wa zote tano kutimia ni asilimia 59. Na katika besiboli mechi yenye asilimia 90 kabla haijaanza haipo kabisa. Hata timu bora ikicheza nyumbani na timu dhaifu huwa mbali na kiwango hicho. Naomba anayecheza pesa ya kodi ya nyumba alitazame hilo kabla ya yote.

Sasa tuwape upande wa pili nafasi yao. Hoja yao kubwa ni mori: timu ikishika moto, inabebwa. Mfano wanaoupenda ni Colorado Rockies wa 2007, walioshinda mechi 14 kati ya 15 za mwisho, pamoja na ile ya ziada ya kuamua nafasi dhidi ya San Diego Padres iliyokwenda awamu 13, kisha wakashinda 7 mfululizo katika mtoano. Mechi 21 kati ya 22! Halafu wakafika World Series na Boston wakawafunga mechi 4 kwa 0. Watetezi wa mori husema moto ulizimwa na mapumziko ya siku 8 kabla ya fainali. Inawezekana. Lakini moto unaozimwa na mapumziko ya wiki ni mtabiri dhaifu. Na Guardians wa 2025? Waliwafunga Tigers mara 5 kati ya 6 walizokutana katika nusu ya pili ya Septemba, wakawanyang'anya kanda. Siku chache baadaye timu zilezile zikakutana katika raundi ya kwanza ya mtoano, na Tigers waliodhaniwa wamekwisha wakashinda mechi mbili kwa moja, mjini Cleveland kwenyewe.

Kwa hiyo mori siuamini sana. Ninachokiamini ni mikono ya warushaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira.

Hapa ndipo dhana ya sarafu inapovunjika. Sarafu ya leo haijui ya jana, lakini mrushaji aliyerusha mipira mia juzi anaijua kwa bega lake. Philadelphia Phillies wa 1964 walikuwa mbele kwa michezo 6.5 zikiwa zimebaki mechi 12. Tarehe 21 Septemba wakafungwa 1–0 na Cincinnati Reds, baada ya Chico Ruiz kuiba kituo cha nyumbani, yaani kukikimbilia kituo cha mwisho bila kungoja mpira upigwe, na kupata pointi pekee ya mechi. Kocha Gene Mauch, akiona pengo linapungua, akaanza kuwatumia mno warushaji wake wawili bora, Jim Bunning na Chris Short, kwa mapumziko mafupi kuliko walivyozoea. Wakafungwa mara 10 mfululizo, na Cardinals wakawapita kwa mchezo mmoja. Kipigo kimoja kilizaa uamuzi, uamuzi ukazaa uchovu, uchovu ukazaa kipigo kingine. Modeli inayochukulia kila mechi peke yake haiwezi kuuona mnyororo huo, na kila mporomoko mkubwa wa Septemba utauona kuwa adimu kuliko ulivyo.

Mnyororo huo hufanya kazi pia kwa upande wa kupanda. Tigers wa 2024 walikuwa na ushindi 55 na vipigo 63 katikati ya Agosti, na hesabu zikiwapa chini ya asilimia moja. Mwishoni mwa Julai walikuwa wamemtoa mrushaji wao Jack Flaherty kwa Los Angeles Dodgers, kitendo cha timu iliyokata tamaa. Wakabaki na Tarik Skubal, mrushaji bora wa American League mwaka ule, na kundi la wengine ambao kocha A.J. Hinch aliwapokezanisha awamu moja au mbili kila mmoja, hivyo wapigaji hawakupata muda wa kumzoea yeyote. Wakashinda 31 na kupoteza 13. Kati ya waliopatikana kwa kumtoa Flaherty alikuwamo Trey Sweeney, aliyecheza katika kikosi hicho kilichofuzu. Kompyuta ilikuwa inaipima timu ya Julai, na timu ya Julai ilikuwa haipo tena.

Mambo mengine hayatabiriki kwa njia yoyote. New York Giants wa 1951 walifuta pengo la michezo 13 waliyokuwa nyuma ya Brooklyn Dodgers tarehe 11 Agosti, wakishinda 37 kati ya mechi 44 za mwisho. Ilipofika 2001 wachezaji wa kikosi kile walithibitisha hadharani kwamba walikuwa wakitumia darubini uwanjani kwao kunasa ishara za siri ambazo wapinzani hupeana kuhusu mpira utakaorushwa. Ni kiasi gani cha ushindi kilitokana na darubini, watu wanabishana hadi leo, maana Giants walishinda sana hata ugenini.

Nikirudi kwenye kutabiri, mimi huanza na asilimia, kwa kuwa anayeanza na hisia hana pa kurekebisha. Kisha naishusha au kuipandisha kwa kuangalia nani atarusha katika wiki mbili zijazo na kwa mapumziko ya siku ngapi, na ni mechi ngapi zimebaki baina ya wanaofukuzana. Timu iliyo mbele kwa michezo 5 na bado ina mechi 6 dhidi ya inayoifuata haiko salama kama jedwali linavyoonyesha.

Kuna pia kanuni ya usawa, ambayo mashabiki wengi huikumbuka wakiwa wamechelewa. Tangu 2022 mechi ya ziada ya kuamua nafasi imefutwa. Timu zikilingana, hutazamwa kwanza matokeo yao zilipokutana. Tarehe 28 Septemba 2025, siku ya mwisho ya msimu, New York Mets walifungwa 4–0 na Miami Marlins. Cincinnati Reds, wakiongozwa na Terry Francona, kocha yuleyule wa Boston ya 2011, nao walifungwa siku hiyo. Zote mbili zikamaliza na ushindi 83 na vipigo 79. Reds walikuwa wamewafunga Mets mara 4 kati ya 6, wakaenda mtoano. Mets, ambao Juni walikuwa na rekodi bora kuliko timu zote, wakaenda nyumbani. Msimu huohuo Toronto Blue Jays na Yankees walilingana kwa ushindi 94, na Toronto wakachukua kanda kwa kuwa walishinda mechi 8 kati ya 13 walizokutana. Mechi hizo nyingi zilichezwa miezi kabla, wakati hakuna aliyekuwa akizungumzia mbio. Ndiyo maana, ikifika Agosti na timu mbili zikiwa karibu, naitafuta kwanza rekodi yao ya ana kwa ana, na anayeimiliki namhesabu kuwa mbele kwa nusu mchezo ambao msimamo hauuonyeshi.