Binti wa Kidalit akisema amebakwa, anayehojiwa ni yeye

Jamani, wengi wetu India tunaijua kwa picha za kihindi, na kwenye hizo picha mambo ya kasti (matabaka ambayo mtu anazaliwa nayo) mara nyingi hayaonekani, ndo maana ukitaja Wadalit mtu anauliza ndo kina nani. Ni watu ambao kwa utaratibu wa kasti wamehesabiwa najisi tangu kuzaliwa, wakasukumiwa kazi kama kuzoa vinyesi na kuchuna ng'ombe waliokufa, na sio wachache, sensa ya 2011 iliwahesabu zaidi ya milioni 200. Katiba ya 1950, ambayo Ambedkar, Mdalit mwenyewe, aliongoza kuiandika, ilishapiga marufuku kumtenga mtu kwa unajisi.

Sasa angalia Hathras, jimbo la Uttar Pradesh. Tarehe 14 Septemba 2020 binti wa miaka 19 alikuwa shambani na mama yake wanakata majani ya mifugo, akavamiwa, akaburutwa kwa mtandio wake mpaka akaumia vibaya uti wa mgongo. Kabla hajafa alitaja watu, wanaume wanne wa kasti ya juu ya Thakur, akasema walimbaka. Akafia Delhi tarehe 29. Usiku huohuo polisi wakaurudisha mwili kijijini wakauchoma kabla hakujapambazuka, ndugu wanalia waachiwe angalau wauingize ndani wamuage, wakakataliwa. Halafu afisa mkubwa wa polisi anawaambia waandishi hakubakwa kwa sababu vipimo havikukuta mbegu za kiume, wakati sampuli zilichukuliwa zaidi ya wiki moja baada ya tukio, na sheria ya India wala haidai mbegu ili ubakaji uitwe ubakaji! Mwaka 2023 mahakama ikamtia hatiani mmoja, kwa kuua bila kukusudia na kwa sheria ya ukatili dhidi ya Wadalit, watatu wakaachiwa, na kosa la ubakaji halikumpata hata mmoja.

Kwangu mimi huu ukatili una awamu mbili, ya shambani na ya ofisini, na hii ya ofisini ndo inayoilea ile ya kwanza, maana mwanaume wa kasti ya juu anajua kabisa mwanamke wa Kidalit hata akienda kituoni ataanza kuhojiwa yeye.

Na sio mambo ya juzi. Bhanwari Devi wa Rajasthan, wa kasti ya chini ya wafinyanzi (sio Mdalit, ila mfumo ni uleule), alibakwa mwaka 1992 kwa sababu kazi yake ilikuwa kuzuia ndoa za watoto kijijini kwake. Mwaka 1995 mahakama ikawafutia watuhumiwa kosa la ubakaji, na moja ya sababu ni kwamba wanaume wa kasti ya juu hawawezi kumgusa mwanamke wa kasti ya chini. Yaani kule kumbagua kwenyewe kukageuka utetezi wao. Kesi yake ndo iliyozaa miongozo ya mwaka 1997 iliyowalinda wanawake wa India nzima dhidi ya unyanyasaji wa kingono kazini mpaka ilipokuja sheria ya 2013, yeye mwenyewe haki hakuipata.

Khairlanji, Maharashtra, 2006, mama wa Kidalit na binti yake walitoa ushahidi polisi dhidi ya watu waliompiga jamaa yao, wale wakapewa dhamana, siku hiyohiyo kundi likavamia nyumba likaua mama, binti na vijana wake wawili wa kiume. Mahakama Kuu ikaja kusema kilikuwa kisasi tu, kasti haihusiki. Kama kasti haihusiki, mbona shahidi Mdalit ndo anauawa pamoja na watoto wake kwa kufungua mdomo?

Watu wanadai sheria mpya kila likitokea tukio, mimi nasema waitumie iliyopo. Sheria ya 1989, ileile ya ukatili dhidi ya Wadalit, kifungu cha 4 inasema mtumishi wa umma asiye Mdalit akipuuza wajibu wake kwa makusudi kwenye kesi hizi afungwe kuanzia miezi 6 mpaka mwaka mmoja. Polisi anayekataa kuandika maelezo ya binti wa watu, anayechelewesha vipimo, apelekwe mahakamani kwa kifungu hicho, na asiishie kuhamishwa kituo.