Ligi Kuu ya Kanada: kabla ya kuhesabu viti vitupu

Kila msimu wa Ligi Kuu ya soka ya Kanada ukiisha, mjadala wa idadi ya watazamaji unaanza upya. Elfu tatu uwanja huu, elfu nne ule. Wakosoaji wanaziweka namba hizo kando ya zile za Toronto FC au Vancouver Whitecaps, timu za Kanada zinazocheza MLS, ligi kuu ya soka ya Marekani, na hukumu inatoka: ligi hii haina watu. Novemba 2025, ilipotangazwa kwamba Valour FC ya Winnipeg inavunjwa, miaka mitatu baada ya FC Edmonton kupatwa na hayo hayo, waliokuwa wakisema hivyo walijiona wamethibitishiwa. Namba zao sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni namna zinavyosomwa, kwa sababu usomaji huo unaficha kitu ambacho ligi hii imekijenga vizuri kuliko kingine chochote tangu ianze Aprili 2019, yaani mashabiki wenye desturi zao.

Chukua Halifax. Uwanja wa Wanderers Grounds uko katikati ya mji, karibu na kilima chenye ngome ya Citadel. Majukwaa yake ni ya muda, yanabeba watu 6,500 hivi, na mtu anaweza kutoka kazini akatembea kwa miguu mpaka getini. Sehemu ya waimbaji inaitwa The Kitchen, yaani Jikoni, kwa kufuata desturi ya pwani ile ya Atlantiki ya watu kukusanyika jikoni na fidla zao na kuimba mpaka usiku wa manane. Msimu wa kwanza HFX Wanderers walimaliza mkiani. Wastani wa watazamaji wao nyumbani ulizidi 6,000. Timu inaburuta mkia na uwanja karibu unajaa, kwenye mji ambao manispaa yake yote wakati huo haikufikisha watu laki tano.

Hapo ndipo namba zinapotaka kusomwa kwa utulivu. Watu 6,000 Halifax ni viti tisa katika kila kumi. Wapeleke watu hao hao Winnipeg, ilikochezea Valour, kwenye uwanja wa viti takriban 33,000 uliojengwa kwa ajili ya mpira wa Kikanada, ule wa kubeba kwa mikono, nao hawajazi hata moja ya tano. Ngoma ni zile zile na koo ni zile zile, ila sauti inapotelea kwenye plastiki tupu. Kwenye televisheni kamera inaonyesha safu kwa safu za viti bila mtu, na mtazamaji wa nyumbani anajiuliza aende kufanya nini huko.

Tena tatizo haliishii kwenye viti. Eneo la mchezo wa mpira wa Kikanada, pamoja na sehemu za mwisho za kufungia, lina urefu wa yadi 150, karibu mita 137. Kiwanja cha kawaida cha soka kina mita 105. Ukikiweka katikati, kila upande nyuma ya goli unabaki na mita 16 hivi za ziada kabla hujafika kwenye ukingo. Nyuma ya goli, kwa desturi ya soka karibu dunia nzima, ndiko wanakosimama waimbaji. Kwa hiyo wale wanaotakiwa wawe karibu zaidi ndio wanaosukumwa mbali zaidi. Kipa wa wageni hawasikii vizuri, na mfungaji akitaka kuwakimbilia ana safari. Kwenye nyasi bandia mara nyingi huonekana pia mistari ya mchezo ule mwingine chini ya mistari ya soka, na hilo peke yake linamwambia shabiki kwamba hapa yeye ni mpangaji.

Jambo jingine linalosahaulika ni nani alitangulia. Hamilton kundi la Barton Street Battalion lilikuwepo kabla Forge FC, timu ya mji huo, haijapewa jina. Halifax kundi la Privateers 1882 lilikuwa likipigia debe timu ya kulipwa kabla ya kuwepo timu ya kuishangilia. Hawa watu walijichangisha, wakachora bendera, wakakutana kwenye baa kuijadili klabu ambayo wakati huo ilikuwa maneno matupu. Mwekezaji aliyekuja baadaye aliikuta kazi ngumu imeshafanywa, na bila kumgharimu senti. Ndiyo maana naona si haki kuwahesabu kama pambo la siku ya mechi. Bidhaa ambayo klabu hizi zinauza mlangoni, kwa kiasi kikubwa, ni wao. Ubora wa soka ni mzuri na unapanda, lakini Mkanada anayetaka soka bora zaidi anaweza kuwasha runinga Jumamosi asubuhi akaitazama Uingereza. Kinachomtoa nyumbani ni kile ambacho runinga haiwezi kumpa.

Sasa upande wa pili, ambao una hoja nzito. Ngoma hazilipi mishahara. Winnipeg nako kulikuwa na kundi lake, Red River Rising, lakini wamiliki wa Valour, ambao ndio wamiliki wa Winnipeg Blue Bombers, timu ya mpira wa Kikanada, walifika mahali hasara ikawa haibebeki. Edmonton inaniumiza zaidi, kwa kuwa inaipinga hoja yangu moja kwa moja: Clarke ni uwanja mdogo wa watu 5,000 hivi, mashabiki walikuwepo, na bado msimu wa mwisho wa klabu ile ligi yenyewe ndiyo iliyoiendesha kabla ya kuivunja mwaka 2022. Udogo wa uwanja peke yake hauokoi timu. Anayesema ligi inahitaji fedha za televisheni, wadhamini na siku chache za kuuza tiketi elfu kumi na zaidi anasema kweli. Mwaka 2019 ulitangazwa mkataba wa matangazo ya televisheni wa miaka kumi na kampuni ya Mediapro ulioelezwa kuwa na thamani ya dola milioni 200 za Kanada, halafu pande mbili zikaishia kufikishana mahakamani. Ligi iliyotegemea hundi moja iliona hatari yake. Lakini hilo linaniambia kwamba mapato ya mlangoni yana uzito kuliko ilivyodhaniwa mwanzoni, na mapato ya mlangoni yanaletwa na anayerudi wiki baada ya wiki.

Wapo pia wanaohofia kwamba matusi, moshi wa rangi na kusimama dakika tisini vitawafukuza wazazi wenye watoto. Hofu inaeleweka na dawa yake inajulikana: sehemu ya waimbaji itengwe, wengine wakae wanapotaka. Watoto wengi huitazama sehemu ile kuliko wanavyoutazama mpira.

Halafu kuna Ottawa. Fainali ya Novemba 9, 2025 kati ya Atlético Ottawa na Cavalry ya Calgary ilichezwa TD Place, uwanja mkubwa wa viti takriban 24,000, kukiwa na theluji nzito kiasi cha mistari kupotea na mechi kusimamishwa ili koleo na mashine zipite. Walikuwepo watu 13,132. Cavalry walitangulia, kisha David Rodríguez akasawazisha kwa tikitaka katikati ya theluji, bao lililozunguka dunia nzima, na katika muda wa ziada baada ya dakika tisini akafunga la ushindi, 2-1. Anayetetea viwanja vikubwa atasema: hiyo ndiyo siku kubwa ya ligi, na isingetosha Halifax. Ataongeza mechi ya ufunguzi Hamilton mwaka 2019, Forge na York9 sare ya 1-1 mbele ya watu 17,611. Nakubali. Siku kama hizo zinahitaji viti. Ila msimu una mechi nyingi za nyumbani, na nyingi kati yake ni za kawaida, jioni ya baridi, mpinzani asiye na jina. Klabu inaishi au inakufa kwenye hizo.

Toronto inanisaidia kulieleza hili. Jiji na viunga vyake vina watu zaidi ya milioni sita, na kati yao wamo wengi waliokulia kwenye nchi za soka. York United, iliyoanza kwa jina la York9, ilikuwa ikichezea chuo kikuu, kwenye uwanja uliojengwa kwa riadha ya Michezo ya Pan Am ya 2015, kivulini mwa Toronto FC, na kwa miaka ilikuwa miongoni mwa zilizoingiza watu wachache zaidi. Sasa imebadilishwa jina, inaitwa Inter Toronto. Mamilioni ya watu wanaoishi jirani hawakugeuka mashabiki kwa kuwa jirani tu, na sioni jina jipya litawageuzaje kama hakuna kundi linalosema timu hii ni yetu.

Ligi mpya ya wanawake, Northern Super League, iliyoanza Aprili 2025 ikiwa na klabu sita, inaonekana imeshika sehemu ya somo hili. Mechi ya kwanza kabisa ya Vancouver Rise ilichezwa BC Place na kuvuta watu 14,018, kisha timu ikahamia Swangard, uwanja mdogo wa Burnaby, kwa maisha ya kila wiki. Halifax Tides wako Wanderers Grounds. Siku kubwa inakodiwa uwanja mkubwa, siku za kawaida zinabaki mahali sauti inaposikika. Ligi ya wanaume ingeweza kufanya hivyo tangu mwanzo.

FC Supra du Québec, iliyopewa nafasi ya kuanza mwaka 2026, itachezea Stade Boréale huko Laval, uwanja mdogo wanaotumia pia wanawake wa Montreal Roses. Kwa kiwanja, chaguo ni zuri. Lililobaki ni mashabiki: je, klabu itawaachia waimbe nyimbo zao, wachore bendera zao na wachague pa kusimama, au itawapangia kila kitu ofisini? Klabu isipimwe kwa mechi za mwanzo; ipimwe kwa nani yuko nyuma ya goli mwezi Septemba, timu ikiwa imefungwa mara tatu mfululizo.