Barua ya mahari iliyopata alama nzuri Montreal

Binti yangu anamaliza sekondari hapa Montreal. Katika Quebec, mtihani wa mwisho wa kuandika Kifaransa ni barua ya wazi ya maneno kama 500: mwanafunzi anashika msimamo na kuutetea. Makala za kusoma hutolewa mapema ili aandae hoja. Darasani wanafanya mazoezi, na mwalimu wao anawachochea waguse yale ambayo jamii inayaona ya kawaida. Binti yangu akachagua mahari. Kutoa ng'ombe kwa ajili ya mwanamke, akaandika, ni kumnunua. Akapata alama za juu.

Nikaipiga picha na kumtumia kaka yangu mkubwa, anayeishi Bagira, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo.

Jibu lilikuja kwa sauti, refu kama misa ya Jumapili. Mpwa wangu anajua kupanga maneno, alisema, lakini hajaketi kwenye kikao cha mahari hata mara moja. Siku ndoa ikiyumba, na ukoo haukupokea kitu, nani ataitwa kusuluhisha? Tena, anajua kwamba si desturi ya sisi Bashi, watu wa huku Bukavu, tu? Kanuni ya Familia ya Kongo, sheria ya 1987, yenyewe inazitaka familia mbili zikubaliane kuhusu mahari, na inataka kuwe na kiwango cha juu kisichopitwa. Kisha akanishangaza. Akakubali kwamba vijana wanaingia ndoani wakiwa na madeni, na wazee wanaotaja bei hawaulizwi na mtu.

Binti alinuna siku nzima, halafu akaandika upya. Barua ya pili ndiyo inayouma. Neno "kununua" limetoka. Sasa anawauliza wajomba kwa nini wanaishika sheria pale inapowapa mahari na kuiachia pale inapowawekea mpaka. Hiyo hakuna mwalimu aliyeisahihisha.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wa diaspora wanaosema shule za huku zinafundisha kufikiri na za kwetu zinafundisha kukariri. Huku mtoto anapinga desturi mbele ya mtu asiyeishi nayo. Mwalimu wake hana ng'ombe wa kupoteza. Kubisha hivyo ni rahisi mno, na wengi wanazoea kushinda bila mpinzani.

Kwetu ni kinyume. Wapinzani tunao hadi uani: baba, shangazi, mchungaji, mama wa soko la Kadutu ambaye hakuachii hoja ipite bure. Lakini shuleni tuliandika insha kwa ajili ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, kwa Kifaransa tupu, utangulizi, maelezo, hitimisho, na msomaji pekee alikuwa msahihishaji tusiyemjua. Katiba ya 2006 inakihesabu Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, lakini kijana anayebishana kwa Kiswahili na Mashi, lugha ya Bashi, kutwa nzima anaambiwa ashawishi kwa lugha ambayo mjomba wake pengine hasomi.

Na msiniambie mila haziguswi. Hadi 2016 sheria ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya tendo la kisheria. Sharti hilo likafutwa mwaka huo, ingawa mume bado anatajwa kuwa kichwa cha nyumba. Halikuanguka lenyewe, kuna akina mama waliolibishia miaka na miaka.

Ningekuwa mwalimu Bukavu, ningempa mwanafunzi kazi moja: mwandikie mtu anayeishika hiyo desturi, kwa lugha anayoielewa, anza na hoja yake iliyo nzuri kuliko zote, kisha lete jibu lake darasani. Alama zitoke kwenye barua ya pili. Najua darasa limejaa na mshahara unachelewa, kwa hiyo simlaumu mwalimu anayekimbia rundo la karatasi. Barua tano kwa juma, zisomwe kwa sauti, zingetosha kuanzia.

Kuna jambo moja ambalo Montreal haliwasumbui. Binti yangu alimkera mjomba aliye ng'ambo ya bahari. Msichana wa Panzi, mtaa wa Bukavu, anayetaka kupinga kuozeshwa mapema atalala usiku huohuo katika nyumba ya baba anayempinga. Huyo aachwe achague wa kumwandikia, awe shangazi au bibi, na barua isitoke darasani mpaka yeye mwenyewe aseme itoke.