Mipangilio ya Croatia usiipeleke Safari

Kijana mmoja tunayecheza naye EA Sports WRC, mchezo wa video wa rali, kanitumia mipangilio ya gari lake, akaapa inafaa popote. Kaipika kwenye rali ya Croatia, lami tupu. Nikaenda nayo Safari, rali ya Kenya ya njia za vumbi na mawe, kipande cha Soysambu. Muda si muda gari linaburuza tumbo, kisha likaingia kichakani. Nilipomweleza akanijibu: “Kaka, shida ni mikono yako. Saspensheni ni mapambo tu.”

Hilo limeniuma, kwa sababu wanaoanza wanalisikia na kuliamini.

Kwenye lami unashusha gari na kukaza springi ili bodi isilale konani. Safari unapandisha, unalegeza springi, unalegeza na stabilaiza, chuma kinachounganisha tairi la kushoto na la kulia, ili tairi moja likipanda jiwe lisilinyanyue na la pili. Hayo wengi wanayajua. Wanachokiacha ni shokapu, hasa upande wa kurudi.

Shokapu inazuia tairi lisipande kwa kishindo, halafu, kwenye kurudi, inazuia springi isilirushe chini kwa kishindo. Ukikaza mno huo upande wa kurudi, tairi linapanda kwenye tuta la kwanza, na kabla halijashuka tuta la pili limeshafika. Halafu la tatu, la nne. Kila tuta linakuta gari limekaa chini kuliko lilivyokuwa, mpaka springi inakosa pa kwenda. Hapo ndipo tumbo linapogonga. Na mchezaji, akidhani gari limelegea, anakaza tena! Legeza kurudi hatua mojamoja, rudia kipande kilekile, usiguse kitu kingine. Utahisi tairi linaanza kuigusa ardhi.

Mjomba wangu alikuwa fundi gereji Arusha. Alikuwa anakandamiza boneti kwa mikono miwili, anaachia. “Hesabu, mjomba,” ananiambia. Gari likicheza mara tatu, shokapu imekufa. Nikamuuliza, je, likirudi taratibu sana? Akasema hilo usipite nalo njia yenye mawimbi kama bati. Nilikuwa na miaka kumi. Nimekuja kumwelewa ukubwani, nikiwa na usukani wa mchezo mkononi.

Na Safari yenyewe imeshatoa ushahidi. Mwaka 2021, iliporudi kwenye mashindano ya dunia baada ya miaka 19, dereva Thierry Neuville aliianza Jumapili, siku ya mwisho, akiongoza. Saspensheni ya nyuma ikavunjika, akatoka, na Sébastien Ogier akashinda. Dereva wa kiwango kile mikono anayo.

Haya, nakubali: dereva mzuri mwenye mipangilio ya kiwandani atampita dereva mbovu mwenye mipangilio safi. Lakini huyo dereva mzuri naye ana sekunde anaziacha barabarani, na kwenye rali sekunde ndiyo kila kitu.

Nimemtumia mipangilio yangu ya Soysambu: gari juu, kurudi kwa nyuma nimelegeza hatua nne. Nimemwomba aendeshe mara tatu kabla hajanijibu.